Nchi Isiyo na Jeshi na Swali la Baba Mdogo

Ndugu zangu, nimeadimika. Wengine mmeniuliza kama nimefungwa mdomo, wengine kama nimeoa kimyakimya. Yote hapana. Nilikuwa safarini, na tangu nirudi nina deni la jibu ambalo nimekuwa nikilikwepa. Leo najaribu kulilipa, na ninyi mtakuwa mashahidi.

Mwenye kudai ni baba mdogo, yule wa Kilwa Kivinje. Wanaonifahamu wanajua habari zake. Ni mvuvi. Ada yangu kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne ilitoka kwenye dau lake: mwezi wa nguru nililipiwa mapema, mwezi wa kusi nilirudishwa nyumbani. Kwa hiyo akiuliza jambo, mimi si mtu wa kumjibu juujuu.

Ilikuwa hivi. Nilipata nafasi ya kuhudhuria kozi fupi ya waandishi wa habari kule Copenhagen. Kozi ilipoisha nilikuwa na siku nne mkononi na viakiba vichache, nikaona tiketi ya bei poa ya kwenda Reykjavík, mji mkuu wa Iceland. Mwenzangu mmoja aliniambia nimechanganyikiwa, kwamba watu wenye akili hutumia siku kama hizo kununua simu na viatu. Nikaenda hivyohivyo. Baridi ya huko sitaisimulia, maana mtasema natia chumvi.

Jioni ya kwanza nikampigia baba mdogo. Swali lake la kwanza: "Huko kuna samaki?" Nikacheka. Nikamwambia wapo, tena hawa watu waliwahi kupambana na Waingereza baharini kwa ajili ya samaki, wakashinda. Akanyamaza kidogo. "Wana manowari ngapi?" Nikamwambia hawana hata jeshi. Akanyamaza zaidi. Kisha akasema taratibu, "Sasa waliwezaje, mwanangu?"

Salio likakata. Na kusema kweli nilishukuru.

Maana nilikuwa na jibu la haraka kichwani, lile ambalo mhariri wangu angelipenda: mdogo akithubutu, anaweza. Kichwa cha habari hicho, picha ya mlima wenye theluji, ukurasa umejaa. Lakini siku tatu zilizofuata ziliniharibia lile jibu.

Tuanze na takwimu. Iceland ina watu wasiofika laki nne. Zanzibar peke yake, kwa sensa ya 2022, ilikuwa na watu karibu milioni 1.9. Nchi ile ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark hadi ilipotangaza jamhuri tarehe 17 Juni 1944. Kabla ya hapo, Mei 1940, Waingereza walishuka na kuikalia bila kualikwa, kwa hofu ya Wajerumani. Mwaka uliofuata Wamarekani wakachukua zamu. Kwa hiyo uhuru wenyewe ulipatikana huku wageni wenye bunduki wakiwa sebuleni. Hilo lishike, tutalirudia.

Siku ya pili nilikwenda bandarini, kwenye makumbusho yao ya bahari. Nje imefungwa meli moja kuukuu ya walinzi wa pwani, jina lake Óðinn. Ukiitazama haitishi. Lakini meli hiyo ilishiriki katika yale wanayoyaita Vita vya Kodi. Kodi hapa ni samaki, si ile ambayo kwetu ukiitaja wafanyabiashara wanafunga maduka. Ni samaki wa baharini kwenye maji baridi, na kwa miaka mingi ndiye aliyebeba uchumi wao. Hawakuwa na dhahabu, pamba wala kahawa. Samaki akiisha, nchi imekwisha.

Sasa, meli za uvuvi za Waingereza zilikuwa zikija kukokota nyavu karibu kabisa na pwani yao. Iceland ikaanza kusogeza mpaka wake wa uvuvi hatua kwa hatua. Mwaka 1952 maili 4 za baharini. Waingereza wakagoma kununua samaki wao. Urusi, enzi zile za Muungano wa Kisovieti, ikawanunua. Mwaka 1958 maili 12. Mwaka 1972 maili 50. Mwaka 1975 maili 200! Kila walipoongeza, kuanzia ule mwaka 1958, Uingereza ilituma manowari kulinda wavuvi wake. Na kila mara ugomvi ulipoisha, mpaka mpya ulibaki palepale Iceland ilipouweka.

Silaha yao kubwa haikuwa mzinga. Ilikuwa kifaa mfano wa nanga yenye visu. Meli ya walinzi inapita nyuma ya meli ya uvuvi, inakiburuta kile kifaa, na zile nyaya za wavu zinakatika. Wavu wote unazama na samaki wake. Walianza kukitumia Septemba 1972. Nilisimama pale nikamkumbuka baba mdogo na jarife lake, ambalo kulishona upya humchukua wiki nzima. Nikajua uchungu wa yule nahodha wa Kiingereza ulikuwaje.

Hapo ndipo mwandishi mvivu huishia. Nami ningeishia hapo, kama si mzee mmoja niliyemkuta mgahawani karibu na bandari. Jina lake sitalitaja, hakunipa ruhusa. Alikuwa baharia ujana wake. Nilimmwagia sifa za ushujaa wa nchi yake, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimeona uwanja wa ndege wa Keflavík. Nikamwambia ndiko nilikoshukia. Akasema hapo ndipo vita vilipoamuliwa, si baharini.

Nikajiona mjinga. Baadaye nikakaa chini na historia, ikawa kweli.

Iceland ni miongoni mwa nchi 12 zilizoanzisha NATO, Aprili 1949. Nchi pekee ndani ya umoja ule isiyo na jeshi la kudumu. Waliingia kwa taabu: tarehe 30 Machi 1949, bunge lao, Alþingi, lilipopiga kura 37 kwa 13, nje kwenye uwanja wa Austurvöllur kulikuwa na vurugu, mawe na mabomu ya machozi. Mwaka 1951 wakatia saini mkataba wa ulinzi na Marekani, na Wamarekani wakarudi Keflavík.

Kwa nini Marekani iling'ang'ania kile kisiwa? Fungua ramani. Nyambizi za Kisovieti zikitoka kaskazini kuingia bahari ya Atlantiki, zilikuwa lazima zipite kati ya Greenland, Iceland na Uingereza. Kutoka Keflavík unachungulia mlango wote huo. Ni kama mtu mwenye kibanda pale penye mdomo wa mto: hana mali, lakini kila chombo lazima kipite mbele yake.

Basi Waingereza walipozidisha, wanasiasa wa Iceland walisema kwa sauti ya kusikika Washington na Brussels: tukiendelea kugongwa na meli za mwenzetu wa NATO, tunafanya nini ndani ya NATO? Na kile kituo cha Keflavík kinatusaidia nini? Tarehe 19 Februari 1976 wakavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, mwanachama mwenzao! Wakubwa wakashikwa na jasho. Juni mosi mwaka huohuo makubaliano yakafikiwa Oslo. Waingereza walipewa miezi sita, meli 24 tu kwa wakati mmoja, kisha basi.

Kwa hiyo, baba mdogo, jibu la kwanza: waliweza kwa sababu mkubwa zaidi alikuwa anawahitaji. Ujasiri ulikuwepo, sikatai. Fundi mmoja wa meli yao alikufa kwa umeme mwaka 1973 akikarabati meli iliyogongwa. Lakini ujasiri mtupu ungewafikisha wapi? Hata sheria haikuwa upande wao wakati ule. Julai 1974 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Iceland haikuwa na haki ya kuwafukuza Waingereza kwa uamuzi wa peke yake. Iceland ilikataa kuitambua mamlaka ya mahakama katika shauri lile. Ikaendelea kukata nyavu.

Na hapa kuna jambo ambalo shuleni hatukufundishwa, nalo linatuhusu. Iceland haikuwa peke yake. Miaka ileile, jirani zetu Kenya ndio waliopeleka mbele ya mataifa wazo la ukanda wa kiuchumi wa baharini wa maili 200. Mwanasheria wao Frank Njenga alilieleza kwenye mikutano ya nchi za Asia na Afrika, Colombo mwaka 1971 na Lagos mwaka 1972, na mwaka 1972 huohuo Kenya ikaliwasilisha Umoja wa Mataifa. Sisi tulikuwa na Joseph Warioba, aliyekuja kuongoza tume ya maandalizi ya Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari. Mwaka 1982 maili 200 zikawa sheria ya dunia. Iceland ilipigana, Afrika ikaandika. Leo Tanzania ina maili zake 200 kwa sheria ya mwaka 1989, na hakuna aliyelazimika kukata wavu wa Mwingereza ili tuzipate.

Tunazilindaje? Mnakumbuka wale "samaki wa Magufuli"? Machi 2009, meli Tawariq 1 ilikamatwa ndani ya maji yetu na karibu tani 300 za samaki. Tulishangilia mitaani. Lakini ilikamatwa kwa msaada wa meli ya doria ya Afrika Kusini, na kesi ikaenda mpaka watuhumiwa wakaachiwa mwaka 2014. Siwacheki waliojaribu. Nasema tu kwamba kuwa na maili 200 kwenye karatasi ni jambo moja, kuwa na meli ya kuzizunguka ni jingine, na kuwa na rafiki mwenye meli ni la tatu.

Rafiki mwenye meli. Hapo ndipo siku yangu ya tatu ilipoharibika.

Nilikuwa nimekaa Austurvöllur, kwenye benchi, mbele ya sanamu ya Jón Sigurðsson, mpigania uhuru wao. Bunge lao lenyewe ni jengo la mawe, dogo, ungedhani ni shule ya sekondari. Nilikuwa najiuliza: rafiki mkubwa anakulinda, je, anakudai nini?

Jibu lilikuja mwaka 2003. Marekani ilipotaka kuivamia Iraki, ilitoa orodha ya nchi zinazoiunga mkono. Iceland ilikuwamo. Nchi isiyo na askari hata mmoja! Waliokubali ni watu wawili, Waziri Mkuu Davíð Oddsson na Waziri wa Mambo ya Nje Halldór Ásgrímsson, bila kulipeleka suala kwenye kamati ya bunge ya mambo ya nje. Wananchi wengi walikuwa wanapinga vita ile. Ilikuwa ni wakati ambao Marekani ilikuwa inafikiria kuondoa ndege zake Keflavík, na wenye serikali walitaka zibaki.

Zilibaki? Septemba 2006 Wamarekani wakafunga kituo, wakaondoka. Iceland ilitoa jina lake, na ndege zikaondoka vilevile.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 2008, mabenki yao yakaanguka. Uingereza, mwenzao wa NATO, ikatumia sheria ya kupambana na ugaidi kuzuia mali za benki yao moja. Hebu fikirini: nchi rafiki, isiyo na jeshi, inaguswa kwa sheria iliyotungwa kwa ajili ya magaidi. Ilipotakiwa serikali yao ilipe madeni ya ile benki, wananchi walikataa kwa kura ya maoni mara mbili, 2010 na 2011. Na Januari 2013 Mahakama ya EFTA ikasema hawakuwa wamevunja sheria.

Msije mkadhani nawaonea huruma tu. Kuna mahali walinishinda kabisa. Januari 1991 askari wa Kisovieti walipoua raia Vilnius, mataifa makubwa yalikuwa yanapima maneno, hayataki kumuudhi Gorbachev. Waziri wa Mambo ya Nje wa Iceland, Jón Baldvin Hannibalsson, alipanda ndege akaenda kusimama na watu wale. Februari 11 bunge la Iceland likathibitisha kuitambua Lithuania, la kwanza duniani. Urusi ilikuwa inawauzia mafuta na kununua samaki wao! Agosti mwaka huo mawaziri wa Lithuania, Latvia na Estonia walikuja Reykjavík kutia saini uhusiano wa kibalozi, ndani ya nyumba ileile ya Höfði ambamo Reagan na Gorbachev walikutana Oktoba 1986. Vilnius leo ina mtaa unaoitwa kwa jina la Iceland. Na Desemba 2011 wakawa wa kwanza Ulaya Magharibi kuitambua Palestina kama nchi. Hapo hawakumtishia mtu kwa kituo cha kijeshi. Walikuwa na kauli tu, wakaitumia.

Halafu, msinune, kuna Namibia. Iceland iliisaidia Namibia kujenga uvuvi wake baada ya uhuru wa 1990. Mwaka 2019 nyaraka zilivuja, kampuni moja kubwa ya uvuvi ya Iceland ikatuhumiwa kuwahonga wakubwa wa Namibia ili ipate vibali vya kuvua. Kampuni ilikana. Mawaziri wawili wa Namibia walijiuzulu. Watu walewale waliopigana ili mgeni asimalize samaki wao! Nilipoyasoma haya hotelini nilifunga kompyuta nikalala na viatu. Udogo haumfanyi mtu kuwa malaika. Ukishakuwa mkubwa kwa mwenzio, unaanza kufanana na yule uliyemkatia nyavu.

Kwa haki niseme pia upande mwingine. Wahandisi wengi wa Kenya wanaochimba mvuke wa Olkaria walipitia mafunzo Iceland, ambako chuo cha jotoardhi kipo tangu 1979. Na tangu 1998 kuna mafunzo ya uvuvi yanayopokea Watanzania na Waganda. Hayo ni mambo ya kushikika, wala hayakuja na masharti ya manowari.

Sasa nifike kwenye deni langu.

Miaka kadhaa nyuma, kabla hamjaanza kunisoma hapa, nilitumwa kwenye mkutano wa waandishi uliohusu vibali vya meli za kigeni kuvua bahari kuu. Ofisi iliyoita siitaji. Nilikuwa na swali moja nimeliandika kwenye kijidaftari: ni meli ngapi, na nani anahesabu samaki wanaobebwa? Ni swali ambalo baba mdogo alinipa mwenyewe, maana wavuvi wa Kilwa huziona zile taa usiku upeoni, wanasema kama mji umeshuka baharini. Nilinyoosha mkono. Msemaji akaniangalia, akasema muda umekwisha, tuonane pembeni. Pembeni kulikuwa na soda, sambusa, na bahasha. "Nauli."

Nauli yangu ya daladala siku ile haikuzidi elfu moja. Bahasha ilikuwa na elfu hamsini.

Niliipokea. Kodi ya chumba ilikuwa imefika, mwenye nyumba alikuwa haniachii. Sikuahidiwa wala kutishwa. Ila habari niliyoandika ilikuwa na hotuba ya mgeni rasmi mwanzo mpaka mwisho, na lile swali halikuwamo. Baba mdogo alisikia habari ile ikisomwa redioni, akanipigia kunipongeza. Hakuuliza swali lake limeenda wapi. Mwaka jana aliuza mashine ya boti, amebaki na ngalawa, anavua karibu na mikoko.

Kwa hiyo nilipokaa kwenye lile benchi nikiwashangaa mawaziri wawili walioiweka nchi yao kwenye orodha ya vita ili ndege zisiondoke, nilijua vizuri walivyojisikia. Kila mdogo anahitaji wa kumwegemea. Mwenye nguvu naye halazimiki kukuziba mdomo. Unauziba mwenyewe, kwa hesabu zako, ukiona una akili. Na baada ya hapo ndege zinaondoka, kodi ya mwezi mwingine inafika, na neno ulilolimeza halirudi.

Hilo ndilo jibu langu la pili kwa baba mdogo, nalo ndilo lililokuwa gumu kusema. Waliweza kwa sababu walijua ni kitu gani hawakiuzi. Samaki hawakuwauza. Mengine waliyauza, na pengine waliyauza bei ya chini, kama mimi.

Dunia yao nayo haijatulia. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, Finland na Uswidi zilizokaa nje ya NATO miaka yote ziliingia, moja Aprili 2023 na nyingine Machi 2024. Iceland, iliyokuwa ndani tangu mwanzo bila askari, inalindwa angani kwa zamu na ndege za wenzake. Serikali iliyoingia Desemba 2024 iliahidi kuwauliza wananchi, si zaidi ya mwaka 2027, kama wafufue mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya. Hofu kubwa ya wanaopinga? Samaki. Miaka hamsini baadaye, bado ni samaki!

Juzi nimempigia baba mdogo, salio la kutosha. Nikamweleza yote: kituo cha Wamarekani, nanga yenye visu, Namibia. Kisha nikamweleza na ile bahasha. Sauti ilinikauka, siwafichi.

Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Akasema, "Lile swali bado unalo?"

Nikamwambia ninalo, lipo kwenye kijidaftari.

"Basi waulize."

Wiki ijayo nitaandika barua rasmi kuomba zile takwimu: meli ngapi, na nani anahesabu. Nitakachojibiwa nitakiweka hapahapa. Nisipojibiwa, nitaweka barua yenyewe. Na wewe unayesoma, kama nawe una swali ulilolimeza siku moja kwa sababu ya nauli, hebu lichomoe tulione. Sitakucheka.

Tafakari njema.